UZI: Vita ya Ufaransa na Prusia 1870–1871, na lile dai moja la ziada

Kibatari (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita kwenye uzi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kuna mdau aliandika kwamba Bismarck, waziri mkuu wa Prusia (dola kubwa la Kijerumani wakati ule), "alighushi telegramu" ndipo Ufaransa na Prusia zikapigana. Nilianza kumjibu pale pale, jibu likawa refu, nikaona nisivuruge uzi wa watu. Nimelileta huku. Vita hii naisoma tangu nikiwa kidato cha tano, na kila nikiirudia naumia mahali pale pale: ilikuwa imeshaepukwa. Jioni ya tarehe 12 Julai 1870 hapakuwa tena na sababu ya mtu kufa. Siku saba baadaye vita ikatangazwa.

Tuanzie Hispania. Mwaka 1868 Wahispania walimng'oa malkia wao, Isabella II. Jenerali Prim akawa na kazi ya kuzunguka Ulaya kutafuta mfalme wa kumkalisha kwenye kiti, na mlango mmoja aliobisha hodi ulikuwa wa Leopold wa Hohenzollern. Leopold alikuwa Mkatoliki wa tawi dogo la ukoo, lakini ukoo ni ule ule wa Mfalme Wilhelm wa Prusia. Bismarck akalisukuma jambo hili chini kwa chini. Mwanzoni mwa Julai 1870 habari zikafika Paris, na Paris ikawaka.

Ukiweka ramani mezani utawaelewa Wafaransa: Hohenzollern mmoja mashariki yao, mwingine kusini, wao katikati. Na Prusia yenyewe ilikuwa imeichapa Austria mwaka 1866 kwa muda wa wiki saba tu. Tarehe 6 Julai waziri wao wa mambo ya nje, Gramont, akasimama bungeni akatoa vitisho vya wazi. Vitisho vikafanya kazi. Tarehe 12, baba yake Leopold akaliondoa jina la mwanawe. Mfalme Wilhelm alishusha pumzi. Bismarck aliandika baadaye kwamba siku hiyo alifikiria kujiuzulu.

Ufaransa imeshinda, wakuu. Bila risasi hata moja.

Jioni hiyo hiyo Gramont akamtumia maagizo Balozi Benedetti, aliyekuwa kwenye mji wa chemchemi za tiba wa Ems, alikopumzika mfalme: mwambie atoe ahadi kwamba hataruhusu jambo hili tena, milele. Hilo ndilo dai la ziada. Naomba mlishike, maana nitalirudia.

---

Kibatari

Asubuhi ya tarehe 13 Julai. Mfalme Wilhelm ana miaka 73, yuko kwenye matembezi yake bustanini, watu wanampisha na kumwamkia. Anakutana na Benedetti, anamsemesha kwa uungwana. Balozi anatoa lile dai. Mfalme anakataa kwa upole: ahadi ya milele mtu hawezi kuitoa. Balozi anasisitiza. Mfalme anavua kofia, anaaga, anaendelea na njia yake. Baadaye, barua ya kuthibitisha kujitoa kwa Leopold ilipomfikia, alimtuma mpambe wake akamwambie balozi kwamba suala limekwisha na hana la kuongeza.

Abeken, afisa aliyekuwa na mfalme, akamwandikia Bismarck telegramu ya kueleza haya yote, pamoja na ruhusa ya kuyatangaza akiona inafaa. Telegramu ilimkuta Bismarck mezani Berlin, akila chakula cha jioni na Moltke, mkuu wa majeshi, na Roon, waziri wa vita. Wote watatu walikuwa wamenyong'onyea. Bismarck akaisoma, akachukua kalamu, akakata.

Ndugu yangu uliyesema alighushi, linganisha matini zote mbili. Kukataa kumpokea balozi tena, kumtumia mpambe, kutokuwa na la kuongeza, vyote vimo kwenye telegramu ya Abeken. Bismarck aliondoa maelezo yaliyofanya kukataa huko kuonekane kwa kawaida na kwa heshima. Kilichobaki ni balozi aliyedai na mfalme aliyefunga mlango. Mjerumani akisoma anaona mfalme wake kabughudhiwa, Mfaransa akisoma anaona balozi wake kafukuzwa.

Halafu kuna neno moja lililoongeza moto. Kijerumani kilisema *Adjutant*, yaani mpambe, afisa wa heshima anayekaa ubavuni mwa mfalme. Magazeti ya Paris yalilichukua karibu lilivyo, na kwa Kifaransa *adjudant* ni cheo cha chini, jirani ya sajini. Kwa hiyo Mparisi alielewa kwamba balozi wa mfalme wake ametumiwa sajini.

Tarehe 15 Julai bunge likapitisha fedha za vita. Mzee Thiers alisimama akauliza: mlichotaka mmeshakipata, damu itamwagika kwa ajili ya maneno? Akazomewa. Waziri Mkuu Ollivier akasema anaubeba mzigo huu "kwa moyo mwepesi". Tarehe 19 tangazo la vita likakabidhiwa Berlin.

---

Nanga_Kuu

Mkuu, nimeweka kambi hapa. Lakini kama nakuelewa, unamsafisha Bismarck? Mtu aliyepanga mchezo mzima tangu Hispania?

---

Kibatari

Simsafishi hata kidogo, mkuu. Alitaka vita, na alitaka Ufaransa ndiyo ionekane imeanza, kwa sababu Bavaria, Württemberg na Baden zilikuwa na mikataba ya kuisaidia Prusia ikishambuliwa. Ikatokea hivyo hivyo: Wajerumani wa kusini, ambao wengi hawakuwapenda Waprusia, wakapanda treni pamoja nao. Ninachosema ni kwamba mtego ule haukuwa na meno mpaka Gramont alipoingiza mguu. Ukiambiwa alighushi, unaacha kumuuliza Gramont maswali anayostahili kuulizwa.

Sasa twende kwenye vita yenyewe.

Ufaransa ilikuwa na bunduki bora kuliko Prusia. Chassepot ililenga hadi mita 1,200, ile ya Dreyse ya Waprusia mita 600 hivi. Prusia ilikuwa na mizinga bora: chuma cha Krupp, inayopakiwa nyuma, wakati ya Wafaransa ilikuwa ya shaba nyeusi, ya kupakia mdomoni. Lakini kilichoamua wiki za mwanzo ni kupeleka watu. Ndani ya siku 18 Moltke alikuwa ameshasafirisha kwa treni askari zaidi ya 460,000 hadi mpakani, kila kikosi kikijua behewa lake na kituo chake.

Upande wa pili ni msiba. Askari wa akiba Mfaransa alitakiwa kwanza aende kwenye bohari ya kikosi chake achukue sare na bunduki, ndipo akitafute kikosi kilipo. Wa vikosi vya Zouave, askari wa miguu wa Ufaransa, bohari yao ilikuwa Algeria. Kwa hiyo mtu wa kaskazini mwa Ufaransa, kilomita chache kutoka mpakani, alisafiri nchi nzima, akavuka bahari hadi Oran kuvishwa, kisha akarudi njia ile ile kupigana. Jenerali mmoja alifika Belfort akapiga telegramu kwamba haoni brigedi yake, haoni mkuu wake wa divisheni, hajui vikosi vyake viko wapi, na anauliza afanye nini. Maafisa waligawiwa ramani za Ujerumani, hawakupewa za Ufaransa.

---

Dada_wa_Stesheni

Kaka Kibatari, mimi kazi yangu ni ratiba za treni za mizigo, naomba niongeze kidogo. Watu wakisikia habari hii wanafikiri siri ni idadi ya mabehewa. Siri iko kwenye kushusha. Treni ikifika stesheni ndogo yenye jukwaa moja na hakuna wa kushusha, ile nyuma yake inasimama, na ya nyuma yake pia, mpaka njia nzima inageuka ghala. Nimeyaona haya kazini, na hapo ni saruji tu, siyo farasi wanaotaka maji. Je, Waprusia walilitatua hilo?

---

Kibatari

Dada, umegusa penyewe. Kwa watu walilitatua, kwa chakula hawakulitatua. Treni za vyakula zilirundikana nyuma ya mpaka na shehena ikaharibika humo humo. Jeshi liliponyanyuka likala mashamba ya Wafaransa. Ni bahati yao kwamba ulikuwa mwezi wa Agosti.

Vita ya mwezi huo nitaipitia haraka. Tarehe 4, Wissembourg. Tarehe 6, Froeschwiller na Spicheren siku moja. Tarehe 16, Mars-la-Tour. Tarehe 18, Gravelotte, na hapa nasimama, hasa kwenye kijiji cha Saint-Privat.

Fikiria mteremko wa mashamba yaliyokwisha kuvunwa, hauna mti, hauna ukuta, unapanda taratibu kwenda kijijini. Juu wako Wafaransa na Chassepot zao. Chini wanatokea Walinzi wa Kifalme wa Prusia, wamejipanga safu kwa safu, maafisa mbele. Mizinga haijamaliza kazi yake, amri inatoka wapande. Bunduki zao hazifiki juu, za juu zinawafikia wao. Karibu watu 8,000 wa kikosi hicho waliuawa na kujeruhiwa jioni ile, wengi katika dakika chache za mwanzo. Kijiji kilichukuliwa usiku unapoingia, baada ya mizinga kukichoma na Wasaxoni kukizunguka kwa kaskazini.

Siku hiyo Wajerumani walipoteza watu karibu 20,000, Wafaransa 12,000 na ushei. Lakini aliyerudi nyuma ni Marshali Bazaine, akajifungia ndani ya ngome ya Metz na jeshi bora la nchi. Hakutoka tena.

Marshali MacMahon akatumwa kumkomboa, na Mfalme Mkuu wa Ufaransa, Napoleon III, akiwa naye msafarani. Mtu huyu alikuwa na mawe kwenye kibofu, hata kukaa juu ya farasi kulimtesa. Moltke akawasukuma mpaka Sedan, mji mdogo ndani ya bonde, karibu na mpaka wa Ubelgiji. Tarehe 1 Septemba, alfajiri, MacMahon alijeruhiwa. Amri ikaenda kwa Ducrot, akaagiza jeshi lirudi magharibi kabla mduara haujafungwa. Saa chache baadaye akatokea Wimpffen, aliyetoka Algeria juzi tu, akiwa na barua ya waziri mfukoni inayompa yeye uongozi, akasimamisha kurudi. Makamanda watatu asubuhi moja. Mduara ukafungwa, mizinga zaidi ya 400 ikaanza kupiga kutoka vilimani.

Mchana Napoleon aliagiza bendera nyeupe. Kesho yake alikaa na Bismarck kwenye nyumba ndogo ya mfumaji nguo kando ya barabara ya Donchery. Askari zaidi ya 100,000 wakawa mateka, na mfalme wao mmoja wao.

---

Mzee_wa_Kahawa

Mwalimu, hongera kwa uandishi. Swali la mzee mwenzio: mfalme katekwa, jeshi moja limetekwa, jingine limefungiwa. Vita si imekwisha? Mbona kichwa kinasema 1871?

---

Kibatari

Shikamoo mzee. Hilo ndilo swali lililonifanya niandike uzi huu.

Tarehe 4 Septemba Paris ikautangaza utawala wa jamhuri. Waliotangaza vita wakawa hawapo tena madarakani. Jules Favre, waziri mpya wa mambo ya nje, akasema Ufaransa haitatoa inchi moja ya ardhi yake wala jiwe moja la ngome zake. Fedha je? Hilo lilizungumzika. Kati ya tarehe 19 na 20 akaenda kumwona Bismarck katika jumba la Ferrières. Bismarck akataka Strasbourg na Alsace. Favre alitokwa machozi mbele yake, akarudi Paris mikono mitupu.

Mzee, angalia sasa. Bismarck huyu huyu mwaka 1866 aliwashinda Waaustria akawazuia majenerali wake wasiingie Vienna, na kwa nafsi yake Prusia haikuchukua ardhi ya Austria. Matunda aliyaona 1870: Austria ilitulia. Alijua kuishia njiani. Safari hii majenerali walitaka Metz, magazeti ya Ujerumani yalitaka Alsace, na yeye, ambaye kuhusu Metz alikuwa na wasiwasi wake, akaenda nao. Dai la ziada likahamia upande wa pili wa meza.

Walisema watu wa Alsace ni ndugu zao wa lugha na damu. Ndugu hao hao wa Strasbourg walipigwa mizinga tangu Agosti. Usiku mmoja maktaba ya mji iliungua na maandiko ya mkono ya karne nyingi, ambayo hayana nakala popote. Mimi kwangu mtu akiniita ndugu huku nyumba yangu inaungua, nitamsikiliza nikishazima moto.

Dai hilo lilirefusha vita kwa miezi zaidi ya minne.

---

Kibatari

Paris ilizingirwa tarehe 19 Septemba. Waya wa telegramu ukakatwa, kwa hiyo watu wakaenda angani: maputo zaidi ya 60 yalirushwa kutoka ndani ya mji, yakibeba barua. Tarehe 7 Oktoba Gambetta, waziri wa mambo ya ndani, alipanda puto pale Montmartre, akavuka juu ya mistari ya Wajerumani, akaenda kuunda majeshi mapya mikoani. Puto linakwenda upepo uendako na halijui kurudi, hivyo majibu yaliletwa na njiwa. Barua zilipigwa picha zikafanywa ndogo sana kwenye utando mwembamba, zikafungwa kwenye unyoya wa mkia wa njiwa. Paris wakazikuza ukutani kwa taa, makarani wakanakili.

Tarehe 27 Oktoba Bazaine akaisalimisha Metz na watu zaidi ya 170,000. Hilo liliwavunja Wafaransa moyo kuliko Sedan. Wajerumani waliokuwa wameizunguka Metz sasa wakawa huru kuyakabili majeshi ya Gambetta, vijana waliokuwa na wiki chache tu za mafunzo.

Ndani ya Paris baridi ikaingia. Farasi wakaliwa kwa maelfu, kisha paka, mbwa na panya. Tembo wawili wa bustani ya wanyama, Castor na Pollux, wakachinjwa mwishoni mwa Desemba na nyama yao ikauzwa buchani kwa wenye fedha. Maskini alibaki na foleni ya mkate, gramu 300 kwa siku ilipofika Januari, mkate wenyewe umechanganywa shayiri na mchele. Tangu tarehe 5 Januari mizinga ikaanza kuangukia mjini.

Na tarehe 18 Januari 1871, mji ukiwa na njaa jirani, watawala wa Kijerumani walikusanyika kwenye Ukumbi wa Vioo wa jumba la Versailles wakamtangaza Wilhelm kuwa Kaiza, yaani mfalme mkuu. Alitaka aitwe Kaiza wa Ujerumani, Bismarck akashikilia Kaiza wa Kijerumani ili watawala wengine wasione wamemezwa. Wakagombania neno hilo mpaka Kaiza akashuka jukwaani akampita Bismarck bila kumpa mkono.

Tarehe 28 Januari mapigano yakasimamishwa. Jeshi la mashariki halikuwemo kwenye makubaliano. Askari 87,000 wa Bourbaki wakavuka theluji kuingia Uswisi tarehe 1 Februari, wakitupa bunduki zao kwenye lundo mpakani. Wanavijiji wa Uswisi waliwapokea kwa mikate na mablanketi.

Tarehe 1 Machi bunge lililokaa Bordeaux likakubali masharti kwa kura 546 dhidi ya 107: Alsace na sehemu ya Lorraine pamoja na Metz ziende, fidia ya faranga bilioni 5, na jeshi la Ujerumani libaki nchini mpaka zilipwe. Wabunge wa mikoa iliyotolewa walisoma tamko la kupinga, wakatoka nje. Mkataba wa mwisho ulitiwa saini Frankfurt tarehe 10 Mei. Waliokufa Ufaransa ni karibu 140,000, Ujerumani karibu 45,000.

Bilioni 5 zililipwa mapema, na Septemba 1873 askari wa mwisho wa Ujerumani aliondoka. Fedha ilisahaulika. Ardhi haikusahaulika. Katika uwanja wa Concorde pale Paris kuna sanamu ya mwanamke anayewakilisha mji wa Strasbourg. Waliifunika kitambaa cheusi cha msiba na mashada, mpaka 1918.

---

Mluguru_Halisi

Mkuu, nimesoma mpaka macho yanawasha. Waafrika wako wapi hapa? Na sisi inatuhusu vipi?

---

Kibatari

Wapo, mkuu. Pale Wissembourg tarehe 4 Agosti, miongoni mwa Wafaransa wachache waliolivaa jeshi kubwa la Wajerumani walikuwemo askari wa Algeria, walioitwa Turcos. Walikufa wengi hapo na Froeschwiller. Miezi michache baadaye, Machi 1871, Algeria yenyewe ikaasi chini ya Mokrani, aliyeuawa vitani Mei. Ardhi za waasi zikataifishwa kwa wingi. Na mwaka huo huo bunge la Ufaransa likatenga hekta 100,000 za Algeria kwa ajili ya watu wa Alsace na Lorraine waliotaka kubaki Wafaransa. Aliyepokwa shamba Alsace akafidiwa kwa shamba la Mkabili, mwenyeji wa Algeria, ambaye hakuwahi kuiona Ems.

Kuhusu sisi: miaka iliyofuata Bismarck aliwahimiza Wafaransa wachukue makoloni, akitumaini wataacha kuitazama Alsace. Kisha naye akaingia. Mjerumani Carl Peters alipita Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami mwishoni mwa 1884 akikusanya alama za machifu kwenye makaratasi yaliyoandikwa Kijerumani. Ukami ni huko huko kwenu Morogoro. Hati ya ulinzi ya kuyakubali makaratasi hayo ilitolewa Berlin tarehe 27 Februari 1885. Walioiweka saini ni wawili: Wilhelm, yule mzee wa bustani ya Ems, na Bismarck.

---

Nanga_Kuu

Nimekuelewa mkuu, na lile neno "alighushi" nalifuta, maana mdau wa uzi ule nilikuwa mimi. Commune ya Paris je? Umeiruka.

---

Kibatari

Nimeiruka kwa makusudi, mkuu wangu. Tarehe 18 Machi mpaka 28 Mei 1871 ni siku 72 ambazo Wafaransa waliuana wenyewe huku Wajerumani wakitazama kutoka kwenye ngome za nje ya mji. Haitoshi kwenye aya mbili. Jumamosi nikitoka kazini nitaifungulia uzi wake.